Ekari nane za miti alizoacha baba Mufindi: niuze sasa au nisubiri?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Dar. Marehemu baba ametuachia shamba la miti kijijini Mufindi, ekari tano za paini zenye miaka saba na ekari tatu za mikaratusi bondeni, hiyo alishaikata mara moja ikachipua. Baba mdogo ndo anaangalia, mimi natuma hela kwenye simu. Tangu baba aanze kuumwa hakuna aliyepogoa wala kufyeka. Mwaka jana mwezi wa tisa moto uliingia upande mmoja ukaunguza mistari kadhaa. Sasa kuna dalali anataka paini zote kwa mkupuo, anasema nikichelewa zitaungua nikose vyote. Ndugu wengine wanataka tukate kila kitu tupande parachichi. Naombeni ushauri, niuze au nitunze?

JIBU: Marahaba dada yangu, kamwene, na pole sana kwa kumpoteza mzee. Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma huku roho iko juu: paini usiuze sasa, mikaratusi ya bondeni ina mambo yake tutafika, parachichi ntakujibu mwishoni. Ila kabla hatujagusa mti wowote kuna kitu watu wengi wa mjini wenye mashamba huku hawakielewi mpaka siku wanapigiwa simu waje waangalie majivu. Shamba la miti halilindwi na mwenye shamba. Linalindwa na wale wanaopita pembeni yake kila siku, anayeenda kwenye kinyungu chake, yaani kibustani cha bondeni, anayechunga ng'ombe, mama anayetafuta kuni, kijana anayerina asali. Hao wakiwa na sababu ya kutaka shamba lako libaki, moshi ukionekana watapiga yowe na watatoka na matawi. Wakiwa wanalijua tu kama shamba la watu wa Dar ambao hata msiba wa kijijini hawachangii, watasimama barabarani wakiangalia, na kusema kweli mi siwalaumu sana. Karibu kila kitu ntakachokwambia hapa chini kinarudi kwenye hilo.

Kwanza karatasi, nipite haraka. Hujasema kama mirathi imefunguliwa. Kama bado, hata ungetaka kuuza kesho usingeuza salama, maana miti ile ni mali ya marehemu mpaka awepo msimamizi wa mirathi, na hiyo inaanza na kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, mnapeleka Mahakama ya Mwanzo. Dalali anayekwambia hiyo haina shida tutaandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji yaishe, huyo ndo wa kumkimbia, kwa sababu siku ndugu mwingine akijitokeza na lori limeshapita mzani, anayebaki na kesi ni wewe. Alafu tafuta kwenye makaratasi ya mzee kama alikuwa na hati ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, au alinunua kwa karatasi ya kijiji tu. Kama ni karatasi ya kijiji, ulizia kwa mtendaji taratibu za hati ya kimila, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na mtu yeyote asikwambie ni ya wakulima wa mahindi peke yao.

Sasa mpaka. Hapa lazima uje mwenyewe, hii haifanyiki kwa WhatsApp. Tembeeni mpaka mzima, wewe, baba mdogo, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wote mnaopakana, kila kona simamisheni, washa simu chukua alama ya GPS, piga picha watu wote wakiwa kwenye picha, paka rangi kwenye mti wa kona. Muhtasari uandikwe wasaini wote, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Mkimaliza toa soda na maandazi, na ulanzi kama bado upo wazee hawatakataa, alafu kaa nao hapo saa nzima usikimbilie basi. Hapo ndo utasikia habari za shamba lako ambazo baba mdogo hajawahi kukwambia, nani anakata mirunda, yaani miti myembamba ya kujengea, usiku, moto wa mwaka jana ulianzia kwa nani, ng'ombe wa nani wanalala humo.

Moto sasa, hapa ntakaa kidogo. Umeuliza wakati mzuri kwa sababu mvua ndo zinaisha. Huku kwetu Mei mvua zinakata, Juni na Julai kuna baridi na umande wa asubuhi kwahiyo nyasi zinakauka taratibu, watu wanajisahau. Agosti upepo wa kusi unaanza kupuliza, na Septemba mpaka mvua za Novemba zishuke ndo miezi ambayo mwenye miti halali vizuri. Na moto haujiwashi wenyewe. Mtu anaandaa shamba la mahindi anachoma mabaki saa nane mchana upepo ukiwa umekolea, mwingine anatoa panya shimoni, mwingine karina asali akaacha mwenge unafuka, wachungaji nao wanachoma ili nyasi mpya zichipue. Ukimuuliza mmoja mmoja hakuna mbaya hata mmoja, wote wana shughuli zao. Kwahiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni kukubaliana na majirani siku za kuchoma, kwamba anayechoma anatoa taarifa kijijini na kwa wenye mashamba ya jirani, anachoma asubuhi mapema au jioni upepo umetulia, na baba mdogo anakuwepo kusaidia kulinda. Vijiji vingi vya Mufindi vina sheria ndogo za moto zenye faini, uliza ya kwenu inasemaje, ila faini inakuja baada ya shamba kuungua na haioteshi mti.

Kinga moto, yaani ukanda uliosafishwa ili moto ukose cha kuunguza. Tuseme ekari zako nane ni mraba, kila upande unakuwa kama mita 180, kuzunguka lote ni mita 720. Ukisema uweke kinga ya mita 10 pande zote umepoteza zaidi ya ekari moja na nusu. Inauma, ndo maana watu hawafanyi, kwahiyo usifanye sawa kote. Moto unapanda mlima kwa kasi na unashuka kwa uvivu, alafu unafuata upepo. Upande wa chini wa paini, na ule unaopokea upepo wa kusini mashariki, hapo weka mita 10 bila huruma, kama mzee alipanda mita 3 kwa 3 maana yake mistari mitatu ya pembeni inaondoka. Sio hasara, hiyo ni mirunda, na hela yake inalipa vibarua wa kulima hiyo kinga. Upande ambao jirani naye ana miti, mkae chini, yeye alime mita tano na wewe tano. Pale ulipoungua mwaka jana pia pageuze kinga moja kwa moja, sitakwambia upande tena paini kwenye mlango uleule moto ulioingilia.

Na kinga maana yake udongo mtupu. Huku naona watu wanafyeka nyasi wanaziacha zimelala hapohapo, wanapiga picha wanamtumia mwenye shamba, mwenye shamba anatuma hela, na zile nyasi zikikauka zinaungua kuliko zilivyokuwa zimesimama. Ilimwe kwa jembe. Njia ninayoipenda mimi ni kuwapa majirani walime viazi au maharage kwenye hiyo kinga bure kabisa, masharti mawili tu, wakivuna waache ardhi safi na wasilime mahindi, maana mabua yakibaki ni kuni. Wewe unapata kinga iliyopaliliwa bila kulipa, yeye anapata shamba, na la muhimu zaidi ana kitu chake pale kwahiyo anapita kila wiki kuangalia. Baba mdogo awe wa kwanza kupewa kipande.

Nyumbani kwake kuwe na vifaa vya moto vinavyojulikana viko wapi: reki, koleo, mapanga, mapigio ya vipande vya mpira vilivyofungwa kwenye mti mrefu, na bomba la mgongoni la lita 16 lile la kupulizia dawa, ila hili liwe la maji tu lisiwekwe dawa kabisa. Moto wa nyasi fupi watu kumi wenye matawi mabichi wanaumaliza. Moto ulioshika matawi makavu ya paini ukapanda juu hakuna mtu wa kuuzima, hapo watu wanakimbia na wanatakiwa wakimbie. Mambo ya kuwasha moto wa kupokelea, yaani kuchoma mbele ya moto unaokuja ili ukose cha kula, mwachie mtu aliyefundishwa, nimeona kijana akiwasha moto wa kuusubiri mwenzake ukageuka ukala shamba la tatu ambalo halikuwa hata kwenye hatari.

Ile mistari iliyoungua, kabla hujaikata yote nenda na kisu. Kwangua gome pande zote za shina, chini karibu na ardhi na usawa wa kifua. Ukikuta chini ya gome peupe na pana unyevu mti uko hai hata kama majani ya chini yamebabuka rangi ya kahawia, uache. Ukikuta pakavu pamegeuka kahawia umekufa, na paini haichipui kisikini kama mkaratusi, imeisha. Iliyokufa ingekatwa miezi ile ile ya kwanza ingetoa mbao, sasa hivi ukungu wa bluu umeshaingia na wadudu wametoboa, itoe iwe kuni. Usishangae pia ukikuta miwati imeota hapo imejaa kama imemwagwa, mbegu zake zinakaa ardhini miaka mingi zikisubiri moto tu. Ing'oe ikiwa midogo.

Haya, dalali. Anakwambia zitaungua kwa sababu anajua hofu yako iko wapi, na paini ya miaka saba ndo wanayoipenda, wanainunua kwa bei ya mirunda alafu yenye unene wanaipasua. Usibishane naye, nenda kapime. Chukua kamba ya manila, pima mita 5 na sentimita 64, mtu mmoja ashike kati mwingine azunguke. Duara hilo ni mita za mraba 100. Hesabu miti iliyomo ndani, zidisha mara 40, hiyo ndo idadi kwa ekari. Rudia sehemu mbalimbali, juu, katikati na karibu na bonde, usichague penye miti mizuri maana utakuwa unajidanganya mwenyewe, chukua wastani. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari inaingia miti kama 450, ukikuta 380 bado shamba zuri. Ndani ya kila duara pima na mzunguko wa kila mti kwa tepu ya fundi cherehani, kwenye usawa wa mita 1.3 toka ardhini, kama ni mteremko simama upande wa juu. Gawa kwa 3.14 unapata unene.

Tuseme mti umekupa mzunguko wa sentimita 47, huo ni unene wa sentimita 15. Mti huo ukipasuliwa, gogo la chini la futi 12 linakupa mbao moja ya inchi 2x4, ukibahatika na kipande, huko juu ni mrunda na kuni. Sasa uache mpaka ufike sentimita 30. Unene umekuwa mara mbili lakini uso wa gogo ukilikata umekuwa mara nne, na sasa unapata 2x6, unapata 1x8, na sio gogo moja tena, la pili na la tatu nayo yanapasulika. Kinachopotea kwenye vumbi na mabanzi kinapungua pia kwa kila gogo, na ukizingatia mashine za kupasulia mbao za dingdong huku zinavyokula mbao hilo sio jambo dogo. Juu ya hapo mbao ya paini changa inajipinda ikikauka, mafundi wa Iringa mjini wanaijua kwa kuishika tu na wanakandamiza bei. Hapo jirani yenu Sao Hill, ambako majaribio ya kupanda miti yalianza 1939, serikali haivuni paini ya mbao ikiwa na miaka saba. Wewe ukifika 15 utakuwa umefanya vizuri, ukifika 18 vizuri zaidi.

Kuna hali moja tu ningekwambia uza. Kama kijijini hakuna mtu wa kuangalia kwa moyo, na hela ya kinga moto kila mwaka huna kabisa, basi uza wala usione aibu, maana kuliacha wazi miaka mingine kumi ni kucheza kamari na mali ya watoto wa marehemu. Ila wewe una baba mdogo na unatuma hela, kwahiyo tatizo lako ni mpangilio.

Kupogoa. Miaka saba bila kupogoa umechelewa lakini hujakosa. Matawi ya chini yameshakauka, na hayo ndo ngazi ya moto kupanda juu, kwahiyo hata kama mbao hazikuhusu hayo yanatakiwa yatoke kabla ya Agosti. Fanya Juni na Julai kwenye baridi. Tumia msumeno wa kupogolea ule uliopinda, wa kufunga kwenye mti mrefu, na kata karibu na shina bila kuchubua ule uvimbe wa shingo ya tawi. Panga hapana. Panga linaacha kisiki cha tawi kinachofunikwa na mbao inayokua, na baadae kile kifundo kikavu kinadondoka mbao inabaki na tundu. Linachana na gome. Vibarua watakwambia panga ni haraka zaidi na ni kweli ni haraka zaidi, ndo maana lipa kwa mti uliopogolewa vizuri, sio kwa siku. Usivuke nusu ya urefu wa mti, ukipogoa mpaka kileleni kubaki na kimkia umeunyima chakula, mti unadumaa mwaka mzima.

Tena kwa kuchelewa huku sikushauri upogoe juu miti yote. Fanya hivi: matawi makavu ya kufikia kwa mkono toa kwenye kila mti, hiyo ni kwa ajili ya moto. Alafu pita na rangi uchague miti ambayo unataka ibaki mpaka mwisho, iliyonyooka, yenye kichwa kimoja, isiyo na kidonda, unapata kama 250 mpaka 300 kwa ekari, hiyo peke yake ndo ipandishwe mita tatu au nne kwa msumeno. Iliyobaki yenye vichwa viwili, iliyopinda, iliyobanwa, itatoka mwaka wa tisa au wa kumi wakati wa kupunguza, utauza mirunda, na ile mizuri itapata mwanga na kunenepa. Watu wa huku kupunguza miti ndo kazi wanayoichukia kuliko zote, mtu anaona kama anakata hela yake, anaacha yote 450 ikishindana mpaka miaka 15 inakuwa mirefu myembamba kama fito. Ukiwa na muda nenda ukaone shamba lililopunguzwa na lisilopunguzwa yakiwa jirani, pale Mafinga kuna chuo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, FWITC, waulize watakuelekeza.

Matawi yaliyopogolewa yasiachwe kwenye mashina. Vuta katikati ya mistari, mstari mmoja unaweka mmoja unaacha wazi wa kupita, na karibu na kinga moto, kama mita 20 kuingia ndani, yatolewe kabisa. Hapa ndo waite akina mama wa kitongoji wachukue kuni bure siku mnazokubaliana. Shamba linasafishwa bila gharama, na wao wanakuwa wa kwanza kukwambia wameona kisiki kibichi mahali. Atakuja pia mtu kutaka kugema utomvu wa paini zako, hiyo biashara imeingia huku. Sio mbaya ila kwa miti ya miaka saba mwambie bado, kovu linakaa kwenye gogo la chini kabisa ambalo ndo lenye hela.

Baba mdogo. Naomba nisieleweke vibaya, mi simfahamu na yawezekana ni mtu mwaminifu sana. Lakini hela ya kutumwa kila anapopiga simu sio mshahara wala sio heshima, anakuwa kama ombaomba kwenye shamba la kaka yake. Kaa nae kikao ukoo ukiwepo, mkubaliane kazi za mwaka kwa msimu: kinga moto zilimwe mwisho wa Juni, kupogoa Julai, kulinda Agosti mpaka mvua, kila kazi na hela yake, inalipwa ikikaguliwa. Alafu mwandikieni kabisa kwamba miti ikivunwa ana fungu lake, mnaojua kiasi ni ninyi, ila liwe kwenye karatasi. Mtu mwenye fungu haoni moshi akalala. Picha pia, mwambie badala ya picha atume video akitembea kinga nzima bila kukata, maana picha moja ya kona nzuri inaweza kutumwa miaka mitatu.

Tuje bondeni kwenye mikaratusi. Swali la kwanza, maji yako umbali gani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na hata sheria isingekuwepo, mkaratusi unakunywa maji sana, majirani wenye vinyungu pale chini kila kiangazi maji yakipungua wanaangalia miti yenu. Pima mita 60. Iliyo ndani ya hapo ikate uuze, na visiki visiachwe vichipue tena, menya gome lote la kisiki mpaka chini ya udongo, fukia, na machipukizi yatakayotokea yavunje kila yakionekana mpaka kichoke. Pale acha asili irudi, au panda mivengi, mti wa asili wa maeneo yenye maji, na mianzi, wazee wa kijijini watakuonyesha inayopenda maji ya kwenu. Nakuhakikishia hiyo kazi moja itakuletea majirani kuliko soda za kikao chote.

Iliyo nje ya mita 60 ni mali nzuri na huna haja ya kupanda upya. Kama kila kisiki kimetoa machipukizi kichaka kizima, chagua mawili, yenye afya, yaliyoshika chini ya kisiki upande upepo unakotoka, mengine yote kata. Ukiacha sita unapata fimbo sita. Mafinga sasa kumejaa viwanda vya vinia, zile mbao nyembamba za kutengenezea plywood, vinavyonunua magogo ya mikaratusi hata yasiyo manene sana, kwahiyo ukiwa na shida ya ada za watoto uza huku, paini iache. Ukitaka nguzo za umeme hiyo ni habari nyingine, wanataka urefu na unyoofu, acha chipukizi moja tu kwenye visiki bora. Siku ya kukata tena msumeno ushuke chini, kisiki kibaki kama sentimita 10, kikatwe mshazari maji yasituame juu kikaoza.

Wadudu na magonjwa sina mengi, kwa umri huo miti yako imeshapita fuko na mchwa wa utotoni. Angalia tu kama kuna paini zinakauka kwa kundi la duara duara, hasa palipokuwa na visiki vya miti ya asili, huo ni ugonjwa wa mizizi, usipande paini hapo tena.

Na siku ukiuza, ya mikaratusi au hata mirunda ya kupunguza, usiuze kwa macho wala kwa "shamba lote". Hesabu, paka rangi miti inayouzwa, muandikishane mbele ya mtendaji: idadi, bei ya mti, nani analipia kibali cha kuvuna, ushuru wa halmashauri na hati ya kusafirishia, lini mwisho wa kukata, na kwamba mabaki yanasafishwa. Weka wazi kuwa mnunuzi haruhusiwi kuchagua mizuri akaacha mibaya, huo mchezo wanaupenda, wanalipa advansi ya nusu wanakata yenye unene yote alafu simu haipokelewi. Hela iingie kabla lori halijatoka. Kama kijijini kuna chama cha wakulima wa miti jiunge, vingi viko chini ya TTGAU, umoja wa vyama vya wakulima wa miti Tanzania, mkiuza watu ishirini pamoja dalali anaongea kwa adabu.

Parachichi. Sikatai, Njombe watu wamejenga nyumba kwa hass. Ila mparachichi unataka maji kiangazi, samadi, dawa, kupogolewa, kuvunwa kwa wakati na mtu wa kuukagua kila wiki, na wewe uko Dar na mmeshindwa kupogoa paini. Kukata paini ya miaka saba ili upande zao linalotaka uangalizi mara kumi zaidi siioni mantiki yake, achia mbali gharama ya kung'oa visiki ekari tano. Kama ndugu wamelishikilia sana hilo, panda miche 20 karibu na nyumba ya baba mdogo, pawe na bomba au kisima na pazungushiwe uzio wa kuzuia ng'ombe, yeye ndo awe mwenye mavuno. Baada ya miaka mitatu au minne ikianza kuzaa mtajua wenyewe nani yuko tayari kuamka saa kumi na mbili kuangalia miti.